Mwongozo wa Kutapeliwa Bila Usumbufu

Wengi wetu tunatapeliwa vibaya. Hela inakwenda, hilo halina ubishi, lakini inakwenda kwa vurugu: mtu anahoji, anampigia shemeji, anafunga safari hadi tawi la benki kuuliza, anampotezea tapeli wa watu asubuhi nzima. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuibiwa kistaarabu, awe mgeni aliyefungua barua pepe jana au mkongwe mwenye anwani tatu na nywila moja.

Maandalizi huanza mapema, kabla tapeli hajajua kama upo. Kazi yako ni kujulikana. Ukiingia jengo lolote la ofisi mjini utamkuta mlinzi na daftari la wageni: jina, unakotoka, unayekwenda kumwona, namba ya simu, saini, na kalamu iliyofungwa kwa uzi isije ikaondoka na mtu. Andika namba yako isomeke vizuri. Atakayekuja nyuma yako ataisoma wakati mlinzi anamalizia chai, pamoja na majina ya wote waliotangulia tangu Jumatatu, na akiamua kuupiga picha ukurasa mzima hakuna atakayemuuliza. Nyumbani, weka mtandaoni picha ya mwanao akiwa na sare, nembo ya shule ionekane, chini yake uandike kidato. Tarehe ya kuzaliwa iache wazi ili watu wakutakie heri, na mwaka usiufiche, maana yupo atakayeuhitaji benki itakapomuuliza. Nywila iwe hiyo hiyo kila mahali. Ikivuja kwenye duka la viatu la mtandaoni, imevuja mpaka benki, na hapo umewaokolea watu muda mwingi.

Sasa fungua barua pepe. Achana na kikasha cha kawaida, mle mna bili tu. Nenda kwenye folda ya Taka, ambako mashine imekuhifadhia mjane mgonjwa mwenye mamilioni, mwanasheria anayemtafuta ndugu wa marehemu aliyefanana jina nawe, na bahati nasibu uliyoshinda bila kukata tiketi. Usidhani wameanza jana. Tangazo linalohesabiwa kuwa la kwanza la barua pepe kwenda kwa watu ambao hawakuliomba lilitoka tarehe 3 Mei 1978, pale Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, alipowaandikia kwa mpigo watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET. Walikasirika, akakanywa. Baadaye alikuja kujisifu kwamba tangazo lile liliuza mashine za mamilioni ya dola. Waliomfuata wameyashika yote mawili: watu watakasirika, na wachache watalipa.

Huyo mjane naye ana ukoo mrefu kuliko kompyuta. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakipokea barua za karatasi kutoka kwa tajiri aliyefungwa gerezani Hispania, mwenye hazina mahali fulani, anayemtafuta mtu mwaminifu wa kumlipia gharama ndogo ndogo. Nigeria iliupokea mchezo huo karne moja baadaye, hadi kifungu cha 419 cha sheria yake ya jinai kikawa jina la biashara nzima. Na kama unaona haya kujibu barua ya namna hiyo, kumbuka kwamba wataalamu wa fedha wamekutangulia. Kati ya 1995 na 1998, Nelson Sakaguchi, mkurugenzi katika Banco Noroeste ya Brazili, alitoa dola milioni 242 za benki yake kwa ajili ya ujenzi wa uwanja mpya wa ndege Abuja. Uwanja haukuwapo. Aliyejitambulisha kwake kuwa gavana wa Benki Kuu ya Nigeria alikuwa Emmanuel Nwude, ambaye hakuwa gavana wa chochote. Sakaguchi alikuwa ameahidiwa kamisheni ya dola milioni 10, na kwa hiyo hakuwasumbua watu kwa maswali.

Watu hucheka jinsi barua hizi zilivyoandikwa kizembe. Wasicheke. Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alieleza mwaka 2012 kwamba upuuzi huo unamfaa tapeli. Kutuma barua ni bure, ila kumhudumia kila anayejibu kunakula siku; afadhali wenye shaka wajiondoe wenyewe mwanzoni, abaki na yule atakayefika naye mpaka mwisho. Kwa hiyo ukikutana na Kiswahili cha mashine kinachosema “Mpendwa katika Bwana, mimi ni mjane wa marehemu mume wangu”, na bado ukaendelea hadi aya ya tatu, umefaulu usaili. Hongera.

Lakini mjane ni chekechea. Anayejiheshimu hutapeliwa na barua iliyonyooka, isiyo na kosa la sarufi, kutoka kwa mtu anayemjua.

Chukua gari. Afrika Mashariki tunaagiza magari yaliyotumika kutoka Japani kwa barua pepe: unachagua picha, mnavutana bei, unaletewa profoma, unakwenda benki kutuma dola, kisha unaanza kuisubiri meli Dar es Salaam au Mombasa. Kwa wiki kadhaa mnaandikiana na muuzaji hadi unaujua mtindo wake wa kusalimia. Siku moja, kaka ameshachangia na mkopo wa saccos umeshatoka, inaingia barua kwenye mazungumzo yaleyale, juu ya ujumbe wako wa jana. Inasema akaunti ya kampuni iko kwenye ukaguzi wa hesabu, tafadhali lipa kwenye hii mpya. Profoma nyingine imeambatishwa. Nembo ileile, mhuri mwekundu uleule, namba ya chesisi ya gari lako hasa, mpaka maelezo ya mkwaruzo wa bampa la nyuma. Kilichobadilika ni mistari miwili tu ya chini: gari liko Yokohama, benki iko nchi nyingine kabisa, na mwenye akaunti ni kampuni ambayo hujawahi kuisikia.

Hapa ndipo wasiojua kutapeliwa wanapoharibu. Mmoja anaanza kuisoma anwani ya mtumaji herufi kwa herufi, anagundua kwamba palipokuwa na m sasa pana r na n zilizobanana, kitu ambacho kwenye kioo cha simu hakionekani mpaka ukitafute. Mwingine anauliza tangu lini ukaguzi wa hesabu ukamzuia mtu kupokea hela. Wa tatu ana roho mbaya kuliko wote: anachukua namba ya simu iliyo kwenye profoma ya kwanza kabisa, anapiga Japani kuuliza. Wewe usifike huko. Masaa yetu na yao hayalingani, Mjapani wa watu huenda amelala.

Wala usihangaike na jina linaloonekana juu ya barua. Utaratibu wa kusafirisha barua pepe ulioandikwa mwaka 1982 haukumtaka mtumaji athibitishe yeye ni nani; ni kama bahasha ya posta, ambayo mgongoni waweza kuandika kwamba imetoka Ikulu na ikafika vilevile. Baadaye vimeongezwa vizuizi, na vinasaidia, ila havina la kufanya juu ya anwani ya r na n ambayo tapeli ameisajili kwa jina lake na kuilipia. Wala juu ya tapeli aliyepata nywila ya muuzaji mwenyewe na sasa anasoma barua zenu wote wawili akingoja siku ya malipo. Huyo ndiye anayejua mkwaruzo wa bampa. Nenda benki mapema, jaza fomu, na kama karani akikuuliza mwenye akaunti ni nani wako, mwambie ni wakala wao. Hela ikishapokelewa kule, mara nyingi inahamishwa siku hiyohiyo.

Usione umedhalilika. Evaldas Rimasauskas wa Lithuania aliandikisha kampuni yenye jina la Quanta, mtengenezaji wa vifaa vya kompyuta wa Taiwani, kisha kati ya 2013 na 2015 akazipelekea Google na Facebook ankara za vifaa ambavyo hakuwahi kuviuza. Zikalipa, zaidi ya dola milioni 100. Google ndiyo hiyo inayotuchambulia folda ya Taka. Mwaka 2019 Rimasauskas alihukumiwa miaka mitano jela, lakini hilo halikuhusu, wewe uko upande wa wanaolipa.

Asiye na barua pepe asisononeke, huduma imemfuata kwenye ujumbe mfupi. Mtanzania mwenye simu anaujua: “Ile hela itume kwenye namba hii, ile yangu ina tatizo.” Utunzi huu haujapewa heshima yake. Hautaji kiasi, hautaji deni, haumtaji mtu, kwa sababu aliyeuandika hakujui. Ameutupa kwa maelfu ya namba. Lakini ikiwa ni tarehe mbili ya mwezi, ndani ya maelfu hayo lazima wawemo watu ambao mwenye nyumba amewakumbusha kodi jana jioni, wengine wanadaiwa mchango wa harusi, wengine ni zamu yao ya kumlipa mwenzao kwenye kikoba. Kila mmoja anajijazia jina mwenyewe. Toleo jingine linasema wazi: “Mimi mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie humu.” Hapo tapeli ameacha kubahatisha, ameamua kuamini kwamba nchi hii ina wapangaji, na hajakosea.

Adabu ya kutuma ni moja: weka na ya kutolea. Si vizuri mtu akuibie laki moja na nusu halafu akatwe makato kwa wakala.

Utaona jina litakalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Silo la mwenye nyumba. Usisite. Jina hilo ni la mtu halisi kabisa, maana laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na zile ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Pengine ni bibi mmoja aliyekwenda gulioni kusajili laini yake, kijana mwenye mwamvuli wa kampuni akamwambia, “Bibi, dole halijasoma, weka tena.” Akaweka tena. Laini ya kwanza akaondoka nayo bibi, ya pili ikaondoka na njia yake. Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro miongoni mwa inayoongoza kwa namba zilizogundulika kufanya utapeli, na mtu akikuambia leo kwamba anatoka Sumbawanga, mpe mkono tu. Huenda ni mkulima wa mahindi ambaye naye ametumiwa ujumbe huohuo asubuhi.

Wakubwa wa fani hawaandiki, wanapiga. Simu ya mama inaita saa nne asubuhi, yuko sokoni anachagua nyanya.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba.”

“Mama, samahani, naongea na mzazi wa huyu binti yetu wa kidato cha pili?”

“Mama Rehema hapa. Kuna nini?”

“Ndiyo mama, Rehema. Mimi mwalimu wa zamu. Usishtuke, mama yangu. Rehema amedondoka mstarini, tumemkimbiza hospitali, sasa daktari anahitaji kipimo cha haraka na hapa wanataka kulipwa kwanza. Usikate simu mama, daktari huyu hapa ongea naye.”

Jina limetolewa na nani? Shule hakuitaja, mama atajitajia. Na lile ombi la kutokata simu ndilo lenye ufundi wote: simu ikiwa na daktari, haiwezi kumpigia matroni. Daktari anazungumza Kiingereza kingi, kwa upole, nyuma yake mtu anakohoa. Dakika kumi baadaye mama yuko kwa wakala, jasho linamtoka, anasoma namba kwa sauti. Rehema yuko darasani anasinzia kwenye somo la jiografia.

Tumezoea kuhubiriana kwamba anayetapeliwa ameponzwa na tamaa. Kwa Sakaguchi, sawa. Kwa mama wa sokoni na mpangaji wa kodi, tamaa iko wapi? Hawa wameponzwa na malezi mema. Wamefundishwa kuitikia shikamoo, kumsikiliza mwalimu, kutomuuliza mkubwa mara mbili, kulipa deni kabla hujakumbushwa, na kutotangaza mambo ya fedha barazani. Tapeli amelelewa hukohuko, anajua kila kitufe. Kwa hiyo sharti kuu la mwongozo huu ni moja: endelea kuwa na adabu. Usiulize “mwalimu nani?” Ni ukosefu wa heshima. Usiseme “ngoja nikupigie.” Utaonekana humwamini.

Mengine nayapitia haraka, kwa kuwa hayana ugumu. Ajira ya shirika la kimataifa inayotaka ada ya usaili: lipa, na ya sare pia. Kongamano la New York ambalo tiketi wanakulipia wao ila hoteli ujilipie mwenyewe, kwa akaunti watakayokupa: jaza fomu, ambatisha na pasipoti. Mchumba mwanajeshi ambaye hujawahi kumwona na kifurushi chake kimekwama uwanja wa ndege: ushuru wa kwanza ukishalipwa watagundua kimo dhahabu, utaongezeka. Freemason anayesajili wanachama kwa ujumbe mfupi, na mzee wa dawa za mvuto wa biashara asiyeweza kuivutia yake bila kukusumbua wewe. Rafiki wa siku nyingi anayesema amekosea, zile tarakimu sita zake zimeingia kwenye simu yako, hebu mtumie: mpe, na kufikia jioni WhatsApp yako itakuwa inawakopa shangazi zako. Na yule aliyekosea kutuma hela, analia, anaomba umrudishie: usiangalie salio. Ujumbe wa muamala umeuona kwa macho yako. Kwamba umetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, hilo ni jambo dogo.

Yapo mambo yanayoharibu, nayo yanazidi kuenea, hasa kwa vijana. Kuna wanaompigia mwenye nyumba kwa namba yake ya zamani, ile waliyokuwa nayo tangu siku ya mkataba. Kuna wanaopiga *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao, wakikuta zisizo zao wanakwenda kuzifunga. Wapo wanaouripoti ujumbe wa tapeli kwa kutuma neno “utapeli” kwenda 15040 ili namba hiyo ifungiwe. Mtu akijitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, hawa wanaangalia kama simu imetoka 100, na kama haijatoka huko wanakata bila hata kuaga. Wameweka uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe, kwa hiyo nywila peke yake haimfikishi mtu popote. Kuna hata familia, sitaki kuamini, zilizokubaliana swali la ndani ambalo kila anayepiga na dharura lazima alijibu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza hata kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki asiouomba kwa nia ya kutenda kosa, na watu hawa wanaijua na kuitaja mbele ya wageni.

Kama na wewe umeshaanza kufanana nao, basi hatua ya kukuokoa ni kunyamaza. Ukishatuma na kugundua, usipige huduma kwa wateja dakika hiyohiyo kuomba muamala uzuiwe; kwenye dakika za mwanzo hela inaweza kuwa bado haijatolewa, utamkatili mtu. Usiende polisi, utaulizwa kwa sauti kubwa mbele ya foleni umetapeliwaje na elimu yako yote. Usimwambie mkeo wala mumeo. Sema hela ilikwenda kwenye matengenezo ya gari. Ukinyamaza wewe, jirani yako aliyepata ujumbe uleule naye atanyamaza, na wa mtaa wa pili, na namba ile itafanya kazi mpaka Ijumaa bila bughudha.

Mwezi mmoja baadaye utapokea barua pepe kwa jina lako kamili. Namba yako na anwani yako ziko kwenye orodha ya waliowahi kulipa, na orodha ya namna hiyo ina wanunuzi. Aliyeandika anajiita ofisa wa kikosi cha kimataifa cha kurejesha fedha za walioibiwa mtandaoni. Anajua ulipoteza kiasi gani, anajua tarehe, anajua na benki. Anakupa pole. Anasema wezi wako wamekamatwa na hela yako ipo salama kwenye akaunti maalumu, inasubiri saini. Kuna ada ya kufungua jalada, asilimia kumi, inayolipwa kwanza na haiwezi kukatwa kwenye hizo zenyewe kwa sababu za kisheria ambazo amezieleza katika kiambatisho. Mjibu leo. Anasema majalada yanafungwa Ijumaa saa kumi.